Nachukua nusu, lakini sidai kwa ujumbe wa simu

Mhariri, swali lenu la wiki hii limenigusa moja kwa moja: mtu aliyejiajiri kutoa ushauri nasaha, je, ni haki amtoze mteja aliyevunja miadi dakika za mwisho? Kazi hii naifanya Dar es Salaam mwaka wa kumi na moja sasa, minne hospitalini kwa mshahara, saba kwenye chumba nilichopanga mwenyewe Sinza. Jibu langu ni ndiyo, atozwe. Ila ndiyo yangu ina masharti, na sharti kubwa kuliko yote nililijua baada ya kumuumiza mtu.

Nianze na mfuko, kwa sababu msomaji mmoja ameshawaandikia kwamba kumtoza mtu mwenye matatizo ni kumkandamiza mara mbili, na nadhani hajui hesabu ilivyo. Nilipokuwa hospitalini, mgonjwa asipotokea nilishughulikia mafaili, na mwisho wa mwezi mshahara ukaingia vilevile. Sasa naona watu wanne kwa siku, siku tano kwa wiki. Kikao ni dakika hamsini kwa shilingi 40,000. Chumba ni 350,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mpigo, yaani 2,100,000 zimetoka kabla sijamkaribisha mteja hata mmoja. Ongeza Luku, dada wa usafi, na mshauri mkongwe ninayekwenda kwake mara mbili kwa mwezi kupitia kazi yangu, naye namlipa. Aprili mwaka juzi, masika yamechachamaa, wiki moja ilinipotezea vikao saba kati ya ishirini. Hizo ni 280,000. Hakuna hata kimoja ningeweza kumpa mtu mwingine, maana taarifa zilikuja zimebaki dakika arobaini, ishirini, na moja ilikuja muda wa kikao umeshaanza.

Watu huniambia, "Si unapata nafasi ya kupumzika?" Hapana. Saa nne kasorobo ya Alhamisi nimeshasoma daftari la wiki iliyopita. Nimejaza jagi la maji, nimegeuza feni isimpulize mtu usoni, nimesogeza boksi la tishu upande ule anaopenda kukaa. Kichwani nimeshampokea: mama aliyefiwa na mwanawe, tuliishia wapi, wapi nisimharakishe. Simu inatetemeka. "Dada samahani leo sitaweza kuna dharura." Kiti kinabaki kitupu mpaka saa tano. Na wiki tatu nyuma kuna kijana aliniomba hiyo hiyo saa nne ya Alhamisi, akasema ndiyo pekee anayoweza kuponyoka kazini, nikamwambia imejaa. Nikikitazama kile kiti, ni yeye ninayemuwaza.

Fundi cherehani hakati kitambaa bila kianzio. Mpambaji, MC na mwenye ukumbi huchukua chao mapema, na sherehe ikiahirishwa hakuna anayewaita wakatili. Ila kazi ya kusikiliza tumezoea kuipata kwa shangazi, kwa jirani, kwa mzee wa kanisa au msikiti, bila malipo, na kwa mapenzi. Ndiyo maana mtu anaweza kuniuliza kwa nia njema kabisa, "Kama tunaongea tu, hela ya nini?" Namuelewa. Lakini shangazi hakupangii saa nne kamili kila Alhamisi, wala hajafunga mlango kwa wengine kwa ajili yako.

Suala hili wala si geni kwenye fani yetu. Mwaka 1913 Sigmund Freud, daktari mwasisi wa saikoanalisia, yaani tiba ya nafsi kwa mazungumzo, akiwa Vienna, aliwaandikia madaktari wenzake kwamba kila mgonjwa wake hupangishiwa saa yake maalumu. Ni yake, na atadaiwa malipo yake hata asipoitumia. Alisema walimu wa muziki na wa lugha walikuwa wanafanya hivyohivyo na jamii iliona ni kawaida. Akaeleza pia kwamba alipolegeza, kule kukosa kwa mara moja moja kuliongezeka mpaka riziki yake ikayumba, na alipokaza, dharura nyingi zikatoweka. Kwa hilo la mwisho naweza kumtolea ushahidi, nimeliona kwenye daftari langu. Hata hivyo wagonjwa wa Freud walikuja siku sita kwa wiki, na wengi walitoka kwenye nyumba zenye uwezo. Wa kwangu wanakuja mara moja, wengine kwa daladala mbili na bajaji. Maji yakijaa Jangwani, barabara ya Morogoro inafungwa na mwendokasi unasimama. Hapo mtu wa Kariakoo hana dharura ya kutunga. Kanuni ya Vienna ukiileta hivihivi, itawaonea watu.

Mimi niliileta hivihivi.

Mwaka wangu wa pili wa kujitegemea, baada ya hasara za masika mengine, nilichukua mtandaoni fomu ya Kiingereza yenye sharti moja: ukighairi chini ya saa 24 kabla, unalipa kikao chote. Nikaichapa, wateja wakaisaini pamoja na karatasi nyingine. Sikumsomea mtu. Sikumuuliza mtu kama ameielewa. Nilikuwa na mama mmoja aliyekuja kila Jumanne (nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike). Alikuja vikao vitano, kila mara amechoka, kila mara kabla ya wakati. Cha sita hakutokea, wala hakuandika neno. Jioni nikamtumia ujumbe: "Habari, unakumbushwa kulipa 40,000 ya kikao cha ushauri ulichokosa leo." Niliona ni ujumbe wa adabu.

Simu yake jioni hiyo ilikuwa mkononi mwa mumewe. Mumewe hakujua kama anakuja kwangu. Alikuwa akilipa kwa pesa alizozipata kwenye mchezo wa kuchangiana pesa wa akina mama wa mtaani. Na kwamba nyumbani anapigwa, hilo nililijua tangu siku ya kwanza. Limo kwenye daftari langu, kwa mwandiko wangu. Lakini ujumbe ule niliuandika nikiwaza kodi ya nyumba, sikumuwaza yeye. Alirudi baada ya wiki tatu, akakaa dakika kumi. Akanieleza usiku ule ulivyokuwa, na sitayaandika hapa. Akatoa kwenye pochi kadi yangu ya miadi, akaiweka mezani, akasema, "Hii isikae nyumbani." Sikumuona tena.

Kwa hiyo nikisikia wenzangu wakibishana kama itozwe asilimia mia au hamsini, saa 24 au 48, naona tunaanzia mwisho. Swali la kwanza ninalomuuliza mteja mpya sasa, kabla ya bei, ni hili: "Simu yako nani mwingine anaisoma?" Namuuliza jina gani nilitumie nikimpigia. Wapo wanaonihifadhi kama fundi, wapo kama mwalimu wa mtoto. Kwa kuwa muamala wa simu huacha jina la aliyelipwa, jina la biashara yangu halina neno ushauri wala saikolojia ndani yake. Na deni la kikao kilichokoswa silidai kamwe kwa ujumbe. Nalitaja ana kwa ana siku mtu akirudi. Asiporudi, limekufa. Kila mwaka napoteza hapo pesa kiasi, na nimekubali kuzipoteza.

Fomu ile niliichana. Makubaliano nayasema kwa mdomo, Kiswahili, kikao cha kwanza, halafu namuomba mteja anirudishie kwa maneno yake, kwa sababu kichwa chenye msongo hakishiki karatasi. Ukitoa taarifa siku moja kabla, hulipi kitu. Ukighairi baada ya hapo, ni nusu, 20,000. Usipotokea na usiseme, ni kikao chote, ila mara ya kwanza nasamehe kila mtu bila kuuliza. Kwa nini nusu? Siku ikiharibika ghafla, hasara yangu haizidi ile saa moja, na mara moja moja naipata kwa kumwita aliye kwenye orodha ya wanaosubiri nafasi. Hata Sheria ya Mikataba ya Tanzania, kifungu cha 74, inasema wazi kwamba ukishataja kwenye mkataba kiasi cha kulipwa endapo utavunjwa, unachostahili ni fidia ya kadiri isiyozidi kiasi hicho. Mshauri anayeandika kwamba ukikosa utalipa mara mbili anajenga juu ya mchanga, na anamtisha mtu aliyekuja kwake akiwa na hofu tayari.

Misiba, ugonjwa, mtoto, mafuriko: hakuna malipo, na siombi ushahidi. Kwetu msiba wa jirani ni msiba. Wenzangu hunionya kuwa nitadanganywa, na pengine nimeshadanganywa. Afadhali hivyo kuliko kumdai mfiwa karatasi.

Kuna udhuru mwingine ambao mgeni kwenye kazi hii huuona ni uvivu. Mtu mwenye sonona akiniandikia saa mbili asubuhi kwamba ameshindwa kuinuka kitandani, hicho ndicho alichonijia. Nikimtoza, namtoza ugonjwa wake. Kwa hiyo namwambia saa yake bado ni yake, nitampigia saa ileile, tutaongea dakika hamsini au tano, atakavyoweza. Wengi hupokea. Mara nyingine nasikia tu anavyopumua, na kuku wa jirani wakiwika nyuma yake, mpaka anasema neno. Kikao hicho nakihesabu ni kikao na analipa kama kawaida, na sijapata aliyelalamika. Bila shaka simpigii mtu ambaye nyumbani kwake kuta zina masikio. Huyo tunahamishia siku nyingine, basi.

Lakini pia si kila udhuru ni udhuru. Mtu akifungua jambo zito wiki hii, wiki inayofuata mara nyingi gari huharibika, mgeni hushuka kutoka mkoani, bosi huitisha mkutano. Simlaumu. Ni kinga, na kinga hiyo imemlinda miaka mingi. Ila hapo nusu naichukua, kwa sababu nikiifuta nakuwa nimekubaliana naye kwamba hakuna kilichotokea. Mkaka mmoja alighairi kikao, wiki iliyofuata akatoa noti mbili za elfu kumi na kuzibandika mezani kwa kiganja, mpaka glasi ya maji ikacheza. Tukanyamaza kidogo. Kisha akasema kilichomweka nyumbani: wiki ile ya nyuma alikuwa akizungumzia kifo cha baba yake, na mimi niliangalia saa ya ukutani. Ilikuwa kweli, niliangalia. Kama ningemwambia "usijali kaka, tusahau," zile noti zingebaki mfukoni na lile neno lingebaki kifuani. Nilimuomba radhi. Saa ya ukutani nikaihamishia nyuma ya kiti cha mteja, niione bila kugeuza macho.

Hili la kufuta malipo ovyo ndilo ninalowaasa zaidi washauri wachanga, kuliko ukali. Nimekuwa nikifuta kwa wale niliowaonea huruma na kutoza wale niliowaogopa kidogo, au waliovaa vizuri. Wateja wana macho. Mmoja akimleta mdogo wake kwako, watalinganisha, na aliyetozwa atajiuliza alikosea wapi. Kwa mtu asiye na uwezo, shusha bei yenyewe tangu mwanzo: ninao wanne wanaolipa 15,000, na nusu ya hapo ni 7,500. Wanalipa kama wengine, na nimeona wanaingia mlangoni vichwa juu.

Sharti la mwisho sikulibuni mimi. Nilikuwa namueleza makubaliano mzee mmoja wa Mbagala, mstaafu, amekaa na kofia yake magotini. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza taratibu, "Na wewe usipotokea, mwanangu, utanilipa nini?" Sikuwa na jibu. Ningeghairi, angepoteza nauli, angepoteza asubuhi, angerudi nyumbani na lile alilokuwa amejiandaa kulisema wiki nzima. Nikamwambia, "Baba, nikighairi siku hiyohiyo, kikao kinachofuata utalipa nusu." Akatikisa kichwa kukubali, na tangu siku hiyo namwambia kila mteja.

Mwezi uliopita mwanangu aliamka na homa kali. Nilimpigia mzee saa kumi na mbili na nusu, naye ameshafika kituoni. Alinipa pole, akageuza njia. Wiki iliyofuata alikuja, tukamaliza kikao, akahesabu 20,000 juu ya meza bila mimi kumkumbusha, akavaa kofia. Alipofika mlangoni akageuka kuniuliza mtoto anaendeleaje.