Vaa kile kinachokutuliza

Mdogo wangu, umeuliza uvae nini siku ya mahojiano ya kazi hapa Bukavu, maana mbele ya watu sauti inakukauka. Usikope pesa ya suti, tafadhali. Kile kikwembe chako kipeleke kwa fundi kule mtaani Kadutu arekebishe mabega. Kivae nyumbani: kaa, inua mikono, panda kilima. Ukijikuta unakivutavuta, mrudishie. Nguo ikibana, akili yote inabaki kwenye nguo.

Mwaka 2012 watafiti Hajo Adam na Adam Galinsky, Marekani, waliona kuwa waliovaa koti jeupe wakiambiwa ni la daktari walikuwa makini kuliko walioambiwa ni la mchoraji. Koti lilikuwa lilelile!

Saa ya marehemu baba? Ivae. Itie betri mpya kwanza.