Fundi Anajibu: Diski ya pili haionekani, niirudishe dukani?

SWALI: Assalaam aleikum Fundi. Mimi napiga video za harusi, nakaa Majengo. Kompyuta yangu ni ya mezani, Dell OptiPlex ya mtumba, na diski yake ya GB 500 imejaa pomoni. Nikianza kuhariri harusi mpya, mashine inagoma. Nimenunua mjini diski iliyotumika ya TB 4, shemeji yangu akanifungia. Kompyuta yawaka vizuri, lakini nikifungua naiona C peke yake. Shemeji asema pengine vile vipini vya nyuma ya diski havikuwekwa sawa, ama nimeuziwa mbovu niirudishe. Ikikubali, nataka kuhamishia harusi zote huko zikae salama. Nifanyeje? (Msomaji, Majengo)

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Usiirudishe bado. Diski ambayo haijagawanywa wala kufomatiwa Windows haiipi herufi, na isiyo na herufi huwezi kuiona pale unapoiona C. Yaweza kuwa nzima kabisa.

Kwanza tujue kama mashine yenyewe inaitambua. Zima, kisha washa huku ukigonga F2 mpaka uingie kwenye mipangilio ya BIOS, ile programu ya ndani inayoamsha mashine kabla ya Windows. Huko OptiPlex huorodhesha diski zake. Ukiiona ile ya TB 4, basi diski ina uhai na waya zake ziko sawa. Usipoiona, angalia pale pale ukurasa wa diski, kwani Dell huweka alama ya kuwasha na kuzima kila tundu la SATA (pale waya wa data wa diski unapochomekwa kwenye bodi), na mashine nyingi za mtumba huja na matundu yasiyotumika yamezimwa. Weka alama, hifadhi, washa upya.

Bado haipo? Sasa fungua kasha. Chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, na uguse chuma cha kasha kabla hujagusa kitu kingine. Diski ina waya mbili: mwembamba wa data wenye pini 7, na mpana wa umeme wenye pini 15. Vichwa vyote viwili vina umbo la L, kwa hivyo haviingii kichwa chini. Vichomoe, uvitazame kwenye mwanga. Sisi watu wa pwani upepo wetu una chumvi, na mtumba uliokaa ghalani mara nyingi unakuta vidole vyake vya shaba vimefifia rangi au vina utando wa kijani. Pitisha kitambaa safi kilicholowa spiriti kidogo, acha kikauke, rudisha kila kichwa mpaka kikae sawasawa. Waya wa data ukiyumba hata kidogo, badilisha. Ni waya wa bei ndogo.

Ukiwa hapo ndani, tazama shemejio ameifunga vipi. OptiPlex nyingi zina vishikio vya plastiki vya buluu ambavyo diski hubanwa humo bila skrubu. Zile nyembamba mara nyingi zina nafasi moja tu ya diski kubwa, na mafundi wengine huiacha ya pili imelala chini ya kasha. Usikubali. Sahani za diski huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kinachosoma kinaelea juu yake kwa mwanya usioonekana kwa jicho. Diski inayotikisika haina umri.

Vile vipini, mwambie shemeji aviache. Ni mambo ya diski za zamani, wakati mbili zilipokuwa zikigawana utepe mmoja mpana wa pini 40, ikabidi uhamishe kijifuniko kidogo cha plastiki ili mashine ijue ipi ya kwanza na ipi ya pili. SATA kila diski ina waya wake mpaka kwenye bodi.

Haya, BIOS ikishaiona, ingia Windows. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua Disk Management. Yaelekea itakuuliza diski mpya uipange kwa MBR au GPT. Chagua GPT. MBR ni mpango wa zamani ambao huishia kwenye TB 2 na kidogo. Ukiuchagua, karibu nusu ya diski yako hutaweza kuitumia. Kisha utaona Disk 0, ambayo ina C yako, na Disk 1 yenye mstari mweusi. Mstari mweusi ni eneo tupu. Libonyeze kwa kitufe cha kulia, unda eneo jipya, chagua NTFS (mpangilio wa mafaili wa Windows), ipe herufi D. Itajiandika TB 3.63, wala hujapunjwa: kiwanda huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024.

Hapa nakusihi uende taratibu. Kabla ya kubonyeza kitufe chochote cha kufuta au kufomati, soma nambari ya diski, usome na ukubwa wake. GB 500 ni harusi za watu. Usiiguse.

Na kama Disk 1 haina mstari mweusi, bali ina maeneo ambayo Windows haiyaelewi, basi huenda diski ilitoka kwenye mashine ya kamera za ulinzi. Diski kubwa za mtumba nyingi ndiko zinakotoka. Yafute maeneo hayo uianze upya, lakini kabla hujaiaminia kazi yako weka programu ya bure ya CrystalDiskInfo. Itakuonyesha saa ambazo diski imekaa ikizunguka tangu itoke kiwandani. Mwaka mmoja bila kuzimwa ni saa 8,760, kwa hivyo ukikuta saa 40,000 ujue imeshakesha zaidi ya miaka minne na nusu. Rangi ya buluu ni salama. Manjano ni onyo, mara nyingi kwa sababu kuna sehemu za sahani zimeshakufa na diski imezihamisha. Ukiona manjano au nyekundu, hapo ndipo uirudishe dukani, na uende na picha ya ukurasa huo kwenye simu yako.

Sasa neno lako la mwisho, kwamba zikae salama. Mwanangu, ukizihamisha tu utakuwa umepata nafasi. Usalama bado. Umeme ukikatika ukarudi kwa kishindo, unaingia kasha moja na kupiga diski zote mbili. Mwizi hachagui diski, anabeba kasha zima. Nawe unashika vitu visivyorudiwa. Kuna siku atakuja mtu, babake ameshatangulia mbele ya haki, akuombe ile video anayosikika mzee akitamka kumuozesha. Utamjibu nini?

Fanya hivi. Windows na programu ya kuhariri ziache C. Harusi zinakili ziende D, usizihamishe kwa Cut. Zifungue kadhaa uzitazame, mwanzo, katikati na mwisho, ndipo ufute zile za C. Kisha, mara tu pesa ikipatikana, nunua diski ya nje ya USB, nakili kila harusi unapoimaliza, na diski hiyo isilale nyumba moja na kompyuta. Kama una mzazi ama dada Likoni, ivuke feri ikakae kwake.

SWALI: Laptopu yangu ina nafasi moja tu ya diski. Naweza kuongeza ya pili ndani? (Msomaji, Kongowea)

JIBU: Kama ina sehemu ya DVD, naam. Huuzwa kishikio maalumu kinachoingia mahali pa DVD na kubeba diski ndogo ya inchi 2.5. Vipo vya unene wa milimita 9.5 na vya 12.7, na kimoja hakiingii pahala pa kingine, kwa hivyo ichomoe DVD yako uipime kwa rula kabla hujaenda dukani. Ukiweza, nunua SSD (diski ya chipu, isiyo na sahani zinazozunguka) uiweke kwenye nafasi ya asili iwe na Windows, na ile diski ya zamani ndiyo ihamie kwenye kishikio.