Usichapishe hicho kijitabu kabla hujaongea na mwenye fagio

Mkuu, simamisha. Hata kama umeshatoa advansi, mpigie mwenye duka la kuchapa sasa hivi umwambie asubiri.

Nimesoma uzi wako mara mbili. Uko Mbeya, unajifunza historia ya bustani kwa kutembea Jumapili, umepata mwongozaji wa kukusimulia, na sasa unataka kuchapa vijitabu 200 uwauzie wageni. Umeuliza pia kama Kitulo iwemo. Tutafika huko. Kilichonitoa jasho ni sentensi yako moja: "Mikaratusi ya Uzunguni ilipandwa na Mjerumani, mwongozaji kanihakikishia."

Kakuhakikishia na nini? Mbeya mjini ni mji wa Mwingereza, umekuja juu mwishoni mwa miaka ya 1920 na dhahabu ya Lupa. Mjerumani wa upande huo alikaa Tukuyu, akapaita Neu-Langenburg, na 1916 akafurushwa. Au alikuwa anatoka Tukuyu usiku kuja kupanda miti kwenye mji ambao haujajengwa?

Nacheka, ila ni kicheko cha mtu aliyeungua. Mimi niliingizwa mjini nikiwa mjini, tena mjini kwetu Iringa.

Mwongozaji wangu alikuwa na kofia ya pama, fimbo na sauti ya mtangazaji wa redio. Kwake kila mti mnene ni wa Mjerumani, na ukinenepa zaidi unakuwa wa Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Mjerumani. Nilimlipa 50,000 kwa matembezi matatu, nikaandika kila alichosema kama mwanafunzi wa madrasa. Kisha nikachukua hela ya nyanya za Ilula, msimu mzima, ambayo mke wangu alijua inaenda kununua bati. Vijitabu 300, shilingi 780,000. Vibao vinane vya majina ya miti, 120,000. Vibao vyenyewe vilikuwa vya bati, kwa hiyo sikumdanganya sana.

Matembezi ya kwanza yalikuwa Oktoba, majakaranda yamechanua, maua yamejaa chini mpaka unateleza. Wageni 11 kutoka Dar, 20,000 kila kichwa. Nikasimama kwenye mjakaranda mkubwa, mkono kwenye shina kama mgombea ubunge, nikasoma ukurasa wa nne: mti huu una miaka zaidi ya 120, na Chifu Mkwawa alipumzika kwenye kivuli chake akielekea Kalenga.

Pembeni kulikuwa na mzee anafagia kwa fagio la chelewa. Akaacha kufagia. Akaja taratibu.

"Kamwene."

Tukaitikia.

"Mwanangu, huo nilipanda mimi."

Wageni wakacheka, wakadhani ni sehemu ya onyesho. Mzee hakucheka. Akainama, akatia kidole pale shina linapogawanyika, chini kidogo ya goti. "Mwaka ule TANU walipokuja hapa kutangaza Siasa ni Kilimo. Uliletwa kwenye kopo la maziwa. Mbuzi wa bwana mmoja hapo ng'ambo akala ncha, nikasema basi, umekufa. Ukachipua pawili. Ndiyo hapa." Kovu lipo, limebonyea kama kitovu. Mkuu, kovu hilohilo nilikuwa nimelipiga picha nikaliweka kwenye jalada, na chini yake nimeandika: alama ya risasi.

Siasa ni Kilimo ni 1972.

Mama mmoja akauliza, "Sasa na Mkwawa?" Mzee akamgeukia kwa heshima zote: "Mkwawa yupi mama, wa shuleni?"

Nikarudisha 220,000 palepale, chini ya kivuli cha 1972.

Kinachoniuma ni kwamba hata bila yule mzee ningeweza kujua. Mkwawa alifariki Julai 1898. Jakaranda kwao ni Amerika ya Kusini, haukujileta. Ili umpe kivuli Mkwawa ungebidi uwe umepandwa miaka ya 1880, na nani? Mjerumani mwenyewe bustani yake ya mimea pale Dar kaianzisha 1893, na kituo cha Amani kule Usambara, alikojaribia miti ya kila bara, 1902. Hayo yote mwenye pama hakuyajua, na hakutaka kuyajua, kwa sababu "sijui" hailipiwi 50,000. Nilipompigia kumlalamikia akaniambia historia ina matoleo mengi. Akakata.

Kwa hiyo: mwenye fagio kwanza. Kabla ya mwongozaji, kabla ya duka la kuchapa, kabla ya zile programu za simu zinazotambua majani. Na usimuulize mti una miaka mingapi, atakutajia namba ya kukufurahisha. Muulize, "Mzee, ulipoanza kazi hapa, mti huu ulikuwa unakufika wapi?" Atakuonyesha kwa mkono. Halafu uliza hiyo ni kabla au baada ya Uhuru, kabla au baada ya vita vya Kagera. Unene usikubabaishe. Mzee wangu alinipeleka kwenye migrivea miwili aliyoipanda siku moja, wa karibu na mfereji wa maji machafu ni mara mbili ya mwenzake. Na usipompata mwenye fagio, andika "mti mkubwa", basi, hakuna atakayekushitaki.

Halafu ya kweli wala si makavu. Ile bogenvilia kwenye kila ukuta imetoka Brazili. Mwaka 1767 meli za Bougainville, Mfaransa ambaye ua hilo limepewa jina lake, zilitia nanga Rio de Janeiro. Mtaalamu wa mimea wa msafara, Commerson, alikuwa na msaidizi aliyeitwa Baret, aliyevaa kiume, maana wanawake hawakuruhusiwa melini. Alikuwa Jeanne. Ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuzunguka dunia. Hadithi hiyo imening'inia kwenye ua wa jirani yako, mimi nikaenda kununua ya risasi!

Kitulo nenda. Watu wanaiita Bustani ya Mungu, imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, na maua yake yanajiotea porini, hakuna wa kukudanganya nani kapanda.

Vijitabu vyangu vimebaki 214, vingine vimeishia kufungia karanga Mashine Tatu. Ukitaka mfano wa kumwonyesha mwenye duka la kuchapa, nakuwekea kwenye basi, nauli ya mzigo juu yako.