Ile CD isiyo ya taarab

Mwanangu Zuhura,

Salamu zako nimezipata, sisi huku Tanga hatujambo. Umeniuliza ile CD ya Wazungu uliyoikuta katikati ya taarab za mama yako, kwenye boksi ulilokwenda nalo Dar, imetoka wapi, na mbona umewatafuta hao Mirthrandir, bendi iliyoipiga, kwenye simu ukaona albamu moja tu. Halafu ukauliza, "Kwani walifeli?"

Imetoka kwao, New Jersey, Marekani. Miaka ya 90 meli yetu ilikuwa ikifunga gati Port Newark, nasi wa chumba cha injini tukipewa ruhusa ya kushuka hatukuwa na pa kwenda ila madukani. Muuzaji mmoja wa CD za mtumba alinisikia nikiulizia tarumbeta, akanipa hiyo. Akaniambia hawa ni vijana wa hapahapa. Hilo neno la hapahapa ndilo lililonitoa hela.

Walikuwa sita. Albamu yenyewe, For You the Old Women, waliitoa mwaka 1976 kwa nguvu zao, bila kampuni kubwa. Nyimbo tano basi, na ule wa mwisho, For Four, unapita robo saa. Sasa tazama: mwaka huohuo, ng'ambo ya mto Hudson, Ramones wa New York, bendi ya punk, ile roki fupi ya mbiombio, walitoa albamu yao ya kwanza, nyimbo 14, na zote pamoja hazifiki nusu saa! Upepo ulishageuka. Roki ya progresivu, ile ya akina Yes na Genesis, inayobadili mapigo kama dereva anayekwepa mashimo, ilikuwa imeanza kuwachosha watu. Vijana wa New Jersey wakaja na mzigo mzuri, soko limeshafungwa. Hiyo si kufeli, mama. Miaka ya 90 lebo ya Syn-Phonic ikaitoa upya kwa CD, ndiyo hiyo uliyo nayo.

Mwimbaji, John Vislocky, ndiye huyohuyo mpiga tarumbeta, kwa hiyo ukiisikia inalia ujue maneno yamepumzika kidogo. Mimi naipenda kuliko sauti yake, Mungu anisamehe.

Melini nilikuwa nikiisikiliza kitandani kwa hedifoni, na mtetemo wa injini ulimeza kila kitu cha chini. Kilichobaki kuelea ni tarumbeta na kinanda. Miaka yote ile nilidhani kundi halina mpiga besi. Siku niliyoiweka kwenye redio pale sebuleni, nyumba imetulia, ndipo nikamsikia: kumbe ndiye anayekimbia kuliko wote! Nikairudisha mwanzo mara tatu, mama yako akatoka jikoni kuuliza kama redio imeharibika.

Basi hiyo kaa nayo. Ila za taarab zirudishe, ameshaziulizia mara mbili.

Baba yako