Mlioniuliza kwa nini nalipa hela kwenda kusimama mbele ya bendi

Jamani meseji nimeziona zote, za grupu la familia na za washkaji wa Sinza, sasa naona bora nijibu mara moja kwa urefu. Mama mdogo ameuliza kwenye ile video ya shoo niliyotuma mbona watu wamesimama kimya kama wanasubiri kuaga mwili. Washkaji mnauliza inakuwaje mtu analalamika Uingereza pagumu halafu mwisho wa mwezi yuko kwenye shoo ya bendi ya indie rock ambayo hata jina hamna anayelijua. Na mdogo wangu wa Mbagala anataka kujua akija na gitaa lake huku atatoka kimuziki au hatoki.

Hela kwanza. Tiketi ya bendi ndogo hapa Glasgow ni pauni 12 mpaka 20, kwa kwetu weka elfu 40 mpaka 70 hivi. Ukiisikia uko Dar ni hela ndefu, ila kwa ghala ninalofanya kazi ni saa moja na nusu ya kusukuma maboksi. Bia ndo zinaumiza, pauni 6 moja, kwa hiyo nakunywa moja nashika glasi mpaka mwisho. Wale mastaa wanaojaza viwanja tiketi zao zinavuka pauni 100, huko siendi. Na hela ya nyumbani inatoka siku ile ile mshahara ukiingia, hilo mnalijua. Baada ya kodi, umeme na nauli ya basi, hiki ndo kitu pekee ninachojinunulia kwa ajili ya roho yangu, na sitaki kukiombea msamaha.

Sasa muziki wenyewe. Indie rock ni magitaa, mara nyingi mawili, besi, drums na mtu wa kuimba, basi. Ulikua kupitia lebo ndogo, yaani kampuni ndogo za kurekodi, za watu wasiotaka kusubiri makampuni makubwa, mwishoni mwa miaka ya 70 kulikuwa na Rough Trade kule London, Factory Manchester, na hapa Glasgow ikaja Postcard mwaka 1979, wanarekodi kwa hela ya mfukoni wanauza santuri wenyewe. Ndo maana mimi mtoto wa dansi nilishangaa sana, maana kwetu ilikuwa kinyume kabisa, NUTA Jazz ya 1964 ambayo leo ni Msondo ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Sikinde ya DDC, shirika la maendeleo la Dar, mwanamuziki ana mshahara na vyombo ni vya mwajiri. Huku bendi ni marafiki wanne wana gari la saizi ya Hiace, wanaendesha wenyewe, wanabeba spika wenyewe, wanalala sakafuni kwa mtu.

Kuna ukumbi unaitwa King Tut's, uko St Vincent Street, unaingiza watu 300 tu. Ngazi za kupandia juu zimeandikwa majina ya bendi zilizopiga pale mwaka kwa mwaka, unapanda unasoma. Oasis, bendi ya Manchester iliyokuja kuwa kubwa sana, walionekana hapo Mei 1993 na Alan McGee, mwenye lebo ya Creation Records, kabla hamna aliyekuwa anawajua, akataka kuwasaini usiku ule ule. Kwa hiyo mnaposema bendi isiyojulikana, wenzetu wanaenda makusudi kwa sababu haijulikani.

Shoo ya mwisho niliyoenda ilikuwa ya watoto wa miaka ishirini na kitu. Kabla hawajaanza mpiga besi mwenyewe akapita na solotepu anabandika karatasi ya orodha ya nyimbo chini, karibu na mguu wa kila mwenzake, mwandiko wa marka, wimbo mmoja umekatwa. Nilikuwa mbele kabisa, ningenyoosha mkono ningegusa pedali zake, vile vifaa vya kukanyaga vinavyobadilisha mlio. Wakaanza polepole, gitaa moja tu, dada anaimba karibu kwa kunong'ona, ukumbi mzima kimya mpaka unasikia friji ya baa inaunguruma. Halafu drums zikaingia, gitaa la pili likaingia na mlio wote, yaani besi huisikii masikioni unaisikia kwenye mbavu, pumzi inabadilika. Mama mdogo, ule ukimya uliouona kwenye video ni wa kabla ya hapo, watu wanasikiliza kila neno. Dakika mbili baadaye hao hao wanarukaruka wanasukumana, na mtu akianguka mikono mitano inamnyanyua kabla hajagusa chini vizuri, hamna anayemkanyaga. Navaa vizibo vya masikio kila nikienda, na nyie mkija nitawanunulia, hasa tukienda kuwaona Mogwai, bendi ya hapa hapa Glasgow, wale wana kelele nzuri ila ni kelele kweli.

Na hamna plebeki, ile ya kuimba juu ya sauti iliyorekodiwa! Hilo ndo linanifanya nirudi. Kamba ya gitaa ikikatika wimbo unasimama, tunasubiri, mwimbaji anapiga stori wakati mwenzake anabadilisha. Nimekaa sana kwenye shoo za Bongo Fleva ambapo msanii anarushia maiki watu na sauti yake inaendelea kutoka kwenye spika, inaniuma mpaka leo maana vijana wetu wanaweza kuimba.

Nisiwadanganye lakini, mara nyingi mweusi niko peke yangu humo ndani. Mara moja baunsa wa ukumbi fulani alinipekua mfuko kwa mfuko na waliokuwa mbele yangu walipita bila kuguswa, nikaingia na hasira na nyimbo za mwanzo sikuzisikia kabisa. Kuna kaka mmoja aliniuliza kama nimepotea. Hayo yapo. Lakini taa zikizimwa hamna anayeniuliza natoka wapi, nitarudi lini, naongeaje Kiingereza kizuri hivi, maswali ambayo kazini nayajibu kila wiki, na mwenye upweke wa huku, wa kutoka kazini saa kumi jioni wakati wa baridi jua limeshazama na ukifika chumbani hamna wa kumwambia "shikamoo", anajua kusimama bega kwa bega na watu 300 kunasaidia nini. Sijapata rafiki wa kudumu humo, nawaambia ukweli. Ila kuna mzee mmoja namkuta kila mara, huwa tunasalimiana kwa kichwa, na majira ya baridi yaliyopita hiyo salamu niliihitaji.

Vinavyokosekana ni vingi pia. Hamna kutunza, nilivyowaelezea jamaa kwamba kwetu unapanda stejini unambandika mwimbaji noti kwenye paji la uso hawakuamini. Saa nne na nusu usiku kila kitu kimeisha, taa zimewashwa, wakati Mango Garden kule Kinondoni enzi zile za Twanga Pepeta saa hizo ndo watu wanaanza kuingia. Na chemko hamna, kile kipande cha mwisho cha kucheza, wimbo ni dakika tatu nne, ukishapata moto wanasimamisha. Kule Barrowland, ukumbi mkubwa kidogo wa dansi uliopo juu ya soko la Barras, sakafu yake ilitengenezwa inesenese kwa ajili ya wachezaji, na kila nikiikanyaga nawaza Sikinde wangewekwa pale na tarumbeta zao na kile kipande cha mwisho wanachokirudia robo saa ingekuwaje, hao watu wa Glasgow wangelia.

Sasa wewe mdogo wangu. Unapiga solo vizuri, nakuambia kama kaka na kama mtu ambaye sasa ameona wengi, vidole vyako vinawazidi nusu ya ninaowalipia. Lakini hao ninaoongea nao kwenye meza wanayouzia fulana za bendi baada ya shoo, mmoja anauza kahawa, mwingine analea wazee, wanaomba likizo ili wakapige. Muziki hauwalipi kodi. Na wewe njia uliyosema ni visa ya mwanafunzi, hiyo hairuhusu kujiajiri wala kufanya kazi ya burudani, ukipiga kwa malipo umevunja masharti. Usije kwa sababu hiyo. Njoo usome, ukitaka kusoma, gitaa tutalipiga chumbani kwangu.

Ile pedali uliyoniagiza nimeipata, ya mtumba, pauni 35, nimeijaribu dukani inafanya kazi ila swichi ni ngumu kidogo. Plagi yake ni ya pini tatu kama za kwetu, haitakusumbua. Kuna dada anarudi Dar mwezi wa 12, nitamkabidhi, utaifuata kwao Tabata.