Bledi Zinakukatikia? Angalia Kwanza Zimekatikia Wapi

Juzi usiku dada mmoja wa Morogoro kaniandikia WhatsApp. Kanunua mashine ya msumeno wa nakshi, ile ya kukaa mezani yenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka, na pakiti nzima imemwishia kwenye neno moja tu la "Karibu" la kuning'iniza mlangoni. Anauliza, "Kaka, bledi ni feki au mimi ndiye siwezi?" Nikamjibu kwa ujumbe wa sauti mrefu, lakini nimeona wengi mnahangaika na jambo hilohilo, kwa hiyo naliandika hapa.

Swali hilo nami niliwahi kuuliza, na jibu nililopewa bado linaniuma. Nilikuwa najifunza kwenye karakana moja upande wa Keko, hapa Dar. Bledi ikakatika mbele ya wateja, nikafunga nyingine, nayo ikakatika. Fundi akapaza sauti hadi wapita njia wakageuka: "Wewe una mkono mzito, kazi hii iache!" Hakugusa mashine. Hakuangalia hata kipande kilichokatika. Mimi nikavikusanya vipande, nikavipeleka nyumbani, nikavipanga mezani na kuvimulika kimoja kimoja kwa tochi ya simu. Karibu vyote vilikatikia sehemu ileile, chini kidogo ya kishikio cha juu. Kesho yake nikafungua kishikio kile: ndani kumejaa vumbi la mbao lililogandamana, skrubu imeliwa, bledi inabanwa upande. Kila mashine ikipiga, bledi inakunjwa palepale. Mkono mzito uko wapi hapo?

Leo watu wananiagiza aya za Kurani, majina ya watoto, maua ya milango ya Kizanzibari, yote kwenye mninga, na bledi zangu nazitupa zikiwa butu. Nimelipigania hilo, sioni haya kulisema.

Kwa hiyo, dada yangu, anza na kipande. Kikikatikia karibu na kishikio, tazama ufungaji: vishikio visafi, bledi imenyooka kutoka juu hadi chini, haijapinda wala kujisokota. Kikikatikia katikati, na meno yamebadilika rangi kwa joto, hapo ni kusukuma kwa nguvu au kung'ang'ania bledi iliyokwisha. Bledi ina umri wake. Kwenye mbao ngumu inaweza kuchoka ndani ya nusu saa, na ikichoka wewe unaongeza nguvu bila kujijua. Ukiona mbao inaungua au msumeno unakimbia mstari, badilisha.

Kukaza ndiko kunakowatesa wanaoanza. Bledi ikilegea inayumba na kujikunja ndani ya mbao. Ikikazwa kupita kiasi inakatika hata kabla ya kona ya kwanza. Mimi naikaza, kisha naisukuma kwa kidole kutoka pembeni. Ikisogea zaidi ya milimita 3 hivi, bado. Halafu naipiga kwa ukucha: nataka mlio mkali, mwembamba, kama uzi wa gitaa. Mlio mzito uliofifia maana yake ongeza kidogo. Kazi ikiisha nailegeza, siiachi imevutwa usiku kucha.

Namba za bledi, yaani ukubwa wake, nazo zina maana. Kwa mbao ya robo tatu inchi mimi naanzia namba 5. Mbao ngumu au nene zaidi naenda 7 au 9. Namba ndogo, 1 au 2, ni za plaiwudi nyembamba na nakshi ndogo, na mwanzoni zitakukatikia tu. Meno yatazame chini. Yakitazama juu, mbao itarukaruka. Ule mguu wa kukandamiza mbao usiung'oe eti kwa sababu unakuzibia mchoro. Uteremshe uguse mbao, maana mbao ikiruka mara moja tu bledi imekwenda.

Na mbao yenyewe chagua. Mninga unakubali. Mtiki una silika ndani yake, yaani madini magumu kama ya mchanga, unafanya meno kuwa butu upesi. Mvule wakati mwingine umeficha vijiwe vya chokaa katikati ya mti. Bledi ikikutana navyo, imekwisha. Mpingo uache kwanza, jamani. Watu wanaona vinyago vya mpingo wanataka kuanzia huko. Kwenye mbao ngumu nabandika selotepu ya kufungia maboksi juu ya mchoro, inapunguza kuungua, na bledi inadumu zaidi.

Sasa hili nalisema kwa ukali kwa sababu nalipenda: acheni kusukuma! Mikono yako kazi yake ni kuiongoza mbao, kukata yaachie meno. Ukifika kwenye kona, punguza mwendo, geuza mbao taratibu papo hapo huku mashine inakata, usiivute pembeni. Bledi ikikwama, zima kwanza, ndipo uitoe. Haraka ya kumaliza oda ya mteja usiipeleke kwenye bledi nyembamba kiasi kile. Na ninyi mafundi mliokwisha kujua, mwanafunzi akikatikiwa simama naye uangalie. Dakika mbili za kumweleza zinamwokolea mwezi mzima.

Wiki hii, dada, usiguse herufi. Chukua vipande vilivyobaki vya mninga, funga namba 5, chora mistari ya mawimbi mapana yasiyo na kona, ukate mpaka mkono utulie. Vaa miwani na barakoa, vumbi la mninga linawasha. Ikikatika tena, nitumie picha ya kipande, mwisho wake uonekane vizuri, na uniambie ni mbao gani na unene gani.