MRI ya dawa inayonasa kovu la ini: soma kabla hujapanda basi la Dodoma

Mkuu, umeuliza kama kaka yako mwenye homa ya ini B atoke Ujiji hadi Dodoma akapigwe MRI (picha ya mwili kwa sumaku) kwa ile dawa inayonasa kovu. Dawa za aina hiyo zipo, ila bado ni za watafiti. Hospitalini hatachomwa hiyo.

Kovu la ini ni kolajeni (protini ya nyuzi) iliyorundikana, hasa ya aina ya kwanza. Watafiti wamechukua peptidi (kipande kidogo cha protini) inayoing'ang'ania wakaipachika gadoliniamu, metali inayong'arisha picha ya MRI. Ile inayotajwa sana, EP-3533, hubeba gadoliniamu tatu kwa molekuli moja. Ini hupigwa picha kabla ya sindano na baada yake, kisha mng'ao wake hulinganishwa na wa msuli. Kolajeni haikuchaguliwa ovyo: MRI haioni gadoliniamu ikiwa kidogo mno, hivyo kinachonaswa lazima kiwe tele. Kundi jingine hunasa alisini, inayojitokeza nyuzi za kolajeni zinapofungwa pamoja, yaani kovu linalojengwa sasa. Kwangu hilo ndilo la maana zaidi, maana kovu la zamani haliambii kama ugonjwa umetulia.

Dawa maalumu ya ini inayotumika hospitalini ni gadoksetati: ml 0.1 kwa kilo (mtu wa kilo 60, ml 6), picha dakika ya 20. Hii huingia kwenye seli za ini zinazofanya kazi, haishiki kovu. Ini lenye makovu hung'aa kidogo, lakini hata bilirubini (ile inayoleta manjano) ikipanda sana picha hufifia vilevile.

Aanzie Maweni, hospitali ya mkoa wa Kigoma, apime AST (kimeng'enya kinachopanda ini likiumia) na FBP (hesabu ya chembe za damu, humo mna PLT, yaani chembe sahani). Gawanya AST kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara hiyo, zidisha kwa 100, gawanya kwa PLT. AST 80, kiwango 40, PLT 125: jibu, liitwalo APRI, ni 1.6. Kwa mwongozo wa WHO wa 2024 wa homa ya ini B, zaidi ya 0.5 ni kovu la kutosha kufikiria matibabu, zaidi ya 1 ni dalili ya sirosisi (ini lililojaa makovu).

Ila huku kwetu APRI hudanganya. Malaria hushusha PLT, bandama kubwa ya kichocho pia, na sampuli iliyovunjika chembe nyekundu hupandisha AST. Kama ana malaria atibiwe kwanza, arudie baada ya wiki kadhaa.

Akipata FibroScan (mashine inayopima ugumu wa ini kutoka nje), asile kwa muda wa saa tatu kabla, na vipimo halali vifike 10. Zaidi ya kPa 7 (kizio cha ugumu) ni kovu la maana, zaidi ya 12.5 ni sirosisi.

Na kwa watu wa ziwani: kovu la kichocho hukaa pembeni mwa mishipa ya vena ya porta (inayoleta damu ya utumbo kwenye ini) huku ini lenyewe likibaki laini, hivyo FibroScan inaweza kutoa namba nzuri. Mpiga ultrasaundi aombwe aangalie unene wa kuta za mishipa hiyo, apime na bandama.